Kutafuta Joto Linalofaa la Chumba cha Kulala: Mwongozo kwa Wakazi wa Pwani

Ushauri unaosambaa sana husema kwamba chumba cha kulala kinapaswa kuwa na nyuzijoto 16 hadi 19. Ushauri huo si wa uongo, lakini unawafaa watu wa nchi za baridi wanaojifunika mfarishi au blanketi zito. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayelala na shuka moja akiufuata ataamka akitetemeka, tena baada ya kulipia umeme mwingi kwa ajili ya kutetemeka huko. Kazi yangu ni kufunga viyoyozi na feni katika nyumba za Dar es Salaam, na ninachowaeleza wateja ni kwamba joto linalofaa halisomwi kwenye rimoti, bali hutafutwa kitandani, usiku, kwa kipimo.

Inafaa kwanza kuelewa mwili unahitaji nini. Kuanzia jioni, joto la ndani ya mwili hushuka polepole, kwa takribani nyuzi moja, hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na alfajiri. Ili lishuke, damu hupelekwa kwa wingi kwenye ngozi, hasa ya viganja na nyayo, joto lipate pa kutokea. Hewa ya chumba ikiwa ya moto, joto hilo hukwama mwilini. Ikiwa na unyevu mwingi, jasho hutoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana nyuzi 28 za Dodoma, ambako hewa ni kavu, hulalika, ilhali nyuzi 28 za Kariakoo mwezi Februari humfanya mtu ajigeuze kitandani usiku kucha.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua chochote

Tafuta kipimajoto kidogo cha ukutani kinachoonyesha pia unyevu wa hewa kwa asilimia. Kiweke kwenye kimo cha mto, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana na mbali na upepo wa feni. Kwa wiki moja, andika kinavyosoma unapoingia kulala, unapozinduka usiku na unapoamka, na kila jioni linganisha na joto la nje.

Ulinganisho huo ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Katika miezi ya Januari na Februari, hewa ya Dar es Salaam usiku hukaa kwenye nyuzi 25 au zaidi. Saa nne usiku chumba chako kikisoma 31 wakati nje ni 27, kinachokusumbua ni nyumba: kuta na paa zinarudisha joto zililomeza mchana. Chumba kikilingana na nje, nyumba haina kosa, na utahitaji upepo au kiyoyozi. Wengi hununua kiyoyozi kwa tatizo ambalo kivuli kingelimaliza.

Hatua ya pili: zuia joto lisiingie

Kuta za matofali ya saruji na paa la zege huhifadhi joto la jua na kulitoa taratibu hadi usiku wa manane. Mabati hupoa upesi jua likizama, lakini yasipowekewa dari humwaga joto moja kwa moja juu ya kitanda jioni yote. Ukuta unaotazama magharibi ndio wa kushughulikia kwanza, kwa mti, kibaraza au kivuli chochote cha nje. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu jua linapolifikia joto limekwisha kuingia chumbani.

Funga madirisha ya upande wa jua wakati wa mchana mkali, kisha fungua pande mbili zinazotazamana mara tu hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko ya ndani. Kaskazi, unaovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, hutokea kaskazini mashariki, hivyo dirisha la upande huo ndilo lango lako katika miezi ya joto. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, yaliyoenea sana siku hizi, hufunguka nusu tu; anayejenga na afikirie yale yanayofunguka yote.

Hatua ya tatu: kagua kitanda

Ondoa nailoni ya dukani kwenye godoro, kwani huzuia jasho lisipite. Tumia shuka za pamba. Chandarua hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa, lakini kwa sababu ya malaria kisiondolewe. Chagua cha pembe nne, kilicho kipana, na uongeze mwendo wa feni. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala huvuta damu kwenye ngozi, na mwili hupoa upesi zaidi baadaye.

Hatua ya nne: jaribu upepo

Pangaboi au feni ya kusimama haibadilishi namba ya kipimajoto, lakini upepo wa takribani mita moja kwa sekunde huufanya mwili uhisi kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi tatu hivi. Feni hutumia wati 50 hadi 75, ilhali kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaweza kutumia wati 1,000 au zaidi. Saa moja ya kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo hula uniti zinazotosha feni kwa usiku mzima.

Hatua ya tano: shusha kiyoyozi nyuzi moja moja

Anza na 27, feni ikizunguka polepole, ukae hapo kwa usiku mitatu. Ukiamka shingo ikiwa imelowa jasho, shusha nyuzi moja. Ukijikuta unavuta shuka saa kumi alfajiri, pandisha nyuzi moja, au tumia kitufe chenye alama ya mwezi, ambacho katika viyoyozi vingi hupandisha joto taratibu usiku unavyoendelea. Wateja wangu wengi huishia kati ya 24 na 26.

Kuweka 16 ili chumba kipoe haraka hakusaidii: kiyoyozi cha kawaida hutoa ubaridi uleule, ila hakijui pa kusimama. Kumbuka pia kwamba kihisio cha joto kwa kawaida kipo kwenye kifaa chenyewe, juu ukutani, kwa hiyo amini kipimajoto cha kando ya mto.

Unyevu ukibaki juu ya asilimia 65 ingawa chumba ni baridi, jaribu hali yenye alama ya tone la maji. Isipofaa, huenda kiyoyozi ni kikubwa mno: hupoza chumba kwa dakika chache, hujizima kabla ya kukausha hewa, na huacha ubaridi wenye majimaji. Chumba cha mita tatu kwa nne kwa kawaida hutoshwa na BTU 9,000.

Wawili wanaolala pamoja na wafuate joto la yule anayeona joto zaidi, kwa kuwa mwenzake anaweza kuongeza shuka. Mtoto mchanga apimwe kwa kugusa kifua au kisogo, si mikono, na upepo usielekezwe kwake.

Kusi ukishakolea, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Dar es Salaam unaweza kushuka hadi nyuzi 20 au chini kidogo. Zima kiyoyozi, fungua madirisha ya kusini mashariki na urudie vipimo vya hatua ya kwanza, kwa sababu namba uliyoipata Februari haitakufaa tena.