Somo: Kupanga bustani ya umma kando ya bwawa la maji ya kunywa

Kwanza jiulize: maji haya yameshasafishwa au bado? Bwawa la Mindu, Morogoro, lina maji ghafi, yanapita mtamboni kabla ya kuingia bombani. Mount Tabor, Portland, Marekani, maji yaliyokwisha kutibiwa yalikaa wazi katikati ya bustani. Mwaka 2014 kijana mmoja akakojoa kupitia uzio, na jiji likatangaza kumwaga lita zaidi ya milioni 140. Maji yaliyosafishwa yafunikwe, basi. Hapa nazungumzia maji ghafi.

Hatua ya 1. Pima mita 60 kutoka ukingoni bwawa likiwa limejaa. Ukipima kiangazi umejidanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Humo otesha miti ya asili na nyasi.

Hatua ya 2. Nenda mvua ikinyesha, utazame maji yanateremkia wapi. Maegesho, vyoo na vibanda vya chakula vikae chini ya tuta linalozuia maji ya bwawa, upande wa nje, ambako hata tangi la choo likipasuka uchafu haurudi bwawani. Wachoraji wengi huanza na mgahawa ukingoni ili watu wanywe soda wakitazama maji. Hapo ndipo ninapogombana nao.

Hatua ya 3. Njia ya miguu iwe ya changarawe, iinamie nchi kavu, maji yake yaishie kwenye ukanda wa nyasi.

Hatua ya 4. Juu ya tuta usipande mti, hata wa kivuli. Ukifa, mizizi inaoza na kuacha vijishimo ambavyo maji hupenya. Nyasi zikatwe fupi, mlinzi aone mapema palipolowa.

Maswali ya wanachama

Choo cha shimo hakifai?
Hakifai. Jenga tangi lisilovuja, linyonywe na gari la majitaka.

Watoto watazuiwaje kuogelea?
Uzio peke yake hautoshi. Weka bomba la kuchezea karibu na lango, wakishalowa hapo hamu inapungua. Wazazi waelezwe pia habari ya konokono wa kichocho.

Kwetu mashamba yamefika hadi majini. Tuanzie wapi?
Si kwenye greda. Bodi ya maji ya bonde, yaani mamlaka inayosimamia maji ya eneo hilo, ije iweke vigingi vya mpaka wenye mashamba wakiwepo, kisha wao wawe wa kwanza kuajiriwa kuotesha miche. Wanajua kila mkondo unapokatiza masika.