Mikondo ya Obitali kwa Mawimbi ya Sauti katika Tando Nyembamba za Metali: Hatua kwa Hatua

Mkondo wa obitali hubeba momenta ya mzunguko itokanayo na mwendo wa elektroni kuzunguka viini vya atomu, ilhali mkondo wa spini hubeba ile iliyomo ndani ya elektroni yenyewe. Katika jaribio hili wimbi la sauti linalopita juu ya uso wa fuwele hutikisa utando wa metali ili kuzalisha mkondo wa obitali, nao huonekana kama volteji. Kupata volteji hiyo si kazi ngumu. Kazi ni kuthibitisha kwamba imetokana na obitali.

Anza kwa bamba la fuwele ya lithiamu niobati lenye mkato wa digrii 128, ambalo hugeuza umeme kuwa mtikisiko. Juu yake weka utando wa titani, kisha wa nikeli, kila mmoja wa nanomita chache. Titani inafaa kwa sababu mwingiliano wa spini na obiti ndani yake ni dhaifu, hivyo mkondo wa spini hautarajiwi kuwa mkubwa. Nikeli hupokea momenta ya obitali na kuigeuza kuwa spini. Funika kwa tabaka la kuzuia kutu.

Pili, chonga elektrodi mbili pembezoni mwa utando, kila moja ikiwa kama vitana viwili vilivyoingiliana meno. Ikiwa nafasi kati ya meno ni sawa na upana wa jino, urefu wa wimbi ni mara nne ya upana huo: jino la maikromita 5 hutoa wimbi la maikromita 20, na kwa kuwa wimbi la uso husafiri takriban mita 4,000 kwa sekunde, masafa yake ni karibu megahazi 200.

Tatu, pima upitishaji kati ya elektrodi hizo. Mvujo wa redio, yaani ishara ya umeme inayoruka hewani kutoka elektrodi moja hadi nyingine, hufika papo hapo, bali sauti huchukua takriban nanosekunde 250 kwa kila milimita. Kwa hiyo tenganisha ishara hizo mbili kwa wakati kabla ya kuamini chochote.

Sasa pima volteji ya mkondo wa moja kwa moja (DC) kwenye utando, kwa mwelekeo ulio sambamba na wimbi na ule unaolikata, huku ukizungusha uga wa sumaku katika bapa la utando. Sehemu isiyobadilika kwa pembe iondoe, kwani wimbi huburuta elektroni hata pasipo sumaku. Ni rahisi kuridhika ukiona volteji ikipanda sawia na nguvu ya umeme iliyoingizwa, lakini joto na mburuto nao hupanda vivyo hivyo, kwa hiyo kipimo hicho hakitofautishi lolote.

Kinachotofautisha ni sampuli za ulinganisho. Tengeneza ya nikeli pasipo titani, na nyingine ambamo aloi ya kobalti, chuma na boroni, isiyogeuza obitali kwa ufanisi kama nikeli, imechukua nafasi ya nikeli; ikiwa chanzo ni obitali, ishara inatarajiwa kupungua katika zote mbili. Kisha badilisha unene wa titani. Hapo usilinganishe volteji tupu, maana titani nene hupunguza ukinzani wa utando wote na kuifinya ishara. Gawanya kila volteji kwa ukinzani wa sampuli yake, ulinganishe mikondo.