Mafao ya kustaafu yaliyochelewa au kupunjwa: jinsi ya kudai ukiwa Dodoma na mikoa ya kati

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtumishi wa umma aliyestaafu, au mtoto wake anayezunguka ofisini kwa niaba yake, ambaye ama hajalipwa mafao licha ya kuwasilisha fomu zote, ama amelipwa kiasi kisicholingana na miaka aliyotumikia. Nimefuatilia dai la namna hii la baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, na ninachotaka msomaji akijue mapema ni kwamba dai la mafao mara nyingi hukwama ndani ya jalada la mwajiri, mahali ambapo mstaafu hapaoni na hakumbuki kupaulizia, wakati yeye anaendelea kupanga foleni kwenye kaunta ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF, hapa chini “Mfuko”) akisubiri jibu ambalo kaunta haina.

Sababu iko kwenye historia ya hifadhi ya jamii yenyewe. Mtumishi anayestaafu sasa akiwa na miaka 60 aliajiriwa katika miaka ya 1980 au 1990, kabla ya Sheria ya Mafao ya Hitimisho la Kazi kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 1999, wakati ambapo watumishi wa masharti ya kudumu hawakuwa wakikatwa mchango wa pensheni. Kuanzia Julai 1999 aliingia PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa wakati huo. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, yenye makao makuu hapa Dodoma, iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kwa hiyo utumishi wa mtu mmoja umegawanyika katika vipindi vitatu vya kumbukumbu: kipindi cha kwanza kinathibitishwa kwa barua za karatasi tu, na viwili vinavyofuata kwa michango. Penye kiungo kati ya kipindi na kipindi ndipo miezi hupotea.

Kabla ya kulalamika, fahamu mwezi mmoja una thamani gani. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 zinachukua idadi ya miezi ya utumishi, zinaigawanya kwa 580, kisha zinazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu iliyokuwa bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Sehemu ya pensheni hiyo hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na iliyobaki hulipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikatangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao kabla ya kanuni hizo walikuwa katika kundi la asilimia 50, wakiwamo wanachama wa iliyokuwa PSPF. Chukua mwalimu ambaye wastani wake ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 40, kila mwezi mmoja unaokosekana kwenye hesabu unamwondolea takriban shilingi 103,000 za mkupuo na shilingi 1,000 na ushei za pensheni ya kila mwezi kwa maisha yake yote. Ikikosekana miezi 24, mkupuo unapungua kwa takriban shilingi 2,480,000, na pensheni inapungua kwa karibu shilingi 25,000 kila mwezi. Hilo si jambo la kumwambia mzee alisamehe kwa sababu amechoka kuzunguka.

Fomu za madai, picha, nakala ya kitambulisho cha taifa na taarifa za akaunti ya benki sitazieleza kwa urefu, kwa maana kila mtumishi anazifahamu na afisa utumishi atakupa orodha yake. Angalia tu kwamba akaunti iwe hai na iwe kwa jina lile lile lililoko kwenye barua ya ajira.

Mchanganuo kwanza, malalamiko baadaye

Hatua ya kwanza ya dai lolote la mapunjo ni kuomba kwa maandishi mchanganuo wa ukokotoaji. Usiridhike na kuambiwa kwa mdomo kwamba hesabu iko sawa. Mchanganuo unapaswa kuonyesha tarehe ya ajira iliyotumika, tarehe ya kustaafu, jumla ya miezi iliyohesabiwa na wastani wa mshahara uliochukuliwa. Pamoja nao omba taarifa kamili ya michango, mwezi kwa mwezi. Ziweke karatasi hizo mbili mezani pamoja na barua za ajira, kuthibitishwa kazini, kupandishwa daraja na uhamisho, kisha pitia mwaka hadi mwaka na kalamu mkononi. Kwa baba pengo lilionekana mara moja: karibu miaka miwili baada ya uhamisho wake haikuwa na mchango hata mmoja, ingawa alikuwa darasani siku zote na mshahara ulikuwa ukikatwa.

Aliye bado kazini asisubiri kufika huko. Mwanachama anaweza kuiona taarifa ya michango kwa simu janja au kwa kufika ofisi ya Mfuko. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango ndani ya siku 30 baada ya mwezi kuisha, na kwa mtumishi wa umma jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara: tano kutoka kwake na kumi na tano kutoka kwa mwajiri. Pengo lililogunduliwa mwaka mmoja kabla ya kustaafu hurekebishwa na watu wanaokufahamu, wakiwa na jalada lako karibu. Likigunduliwa baada ya kustaafu, unageuka mgeni katika ofisi uliyoitumikia.

Kutafuta jalada

Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipoishia, na hapa ndipo naomba msomaji awe makini zaidi.

Katika mikoa ya kati halmashauri nyingi zimegawanywa. Bahi na Chamwino zilizaliwa mwaka 2007 kutokana na iliyokuwa Dodoma Vijijini. Chemba ilitoka Kondoa mwaka 2012. Upande wa Singida, Ikungi na Mkalama nazo zilianzishwa mwaka huo wa 2012. Halmashauri inapogawanywa, watumishi hugawanywa kwa orodha, lakini majalada hayaondoki yote siku moja, na mengine hayaondoki kabisa. Mtumishi aliyevuka mgawanyo huo anaweza kuwa na jalada jipya lenye barua za miaka ya karibuni kwenye halmashauri mpya, na jalada la zamani lenye barua ya ajira ya kwanza kwenye halmashauri mama. Halmashauri mpya inapomthibitisha mstaafu, inathibitisha kile ilichonacho.

Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yako ya mwisho, ukiomba uthibitisho wa utumishi kwa kipindi mahususi kinachobishaniwa, na nakala yake kwa mkurugenzi wa halmashauri mama. Taja namba ya cheki (namba ya mtumishi iliyoko kwenye hati ya mshahara), vituo vya kazi kwa majina na tarehe za kuhama. Usiandike kwamba unaomba kusaidiwa kuhusu mafao, kwa sababu barua ya namna hiyo haina mtu wa kuijibu. Andika kwamba unaomba kuthibitishiwa utumishi kuanzia mwezi fulani wa mwaka fulani hadi mwezi fulani wa mwaka fulani, ukiambatisha nakala za hati za mshahara za kipindi hicho kama unazo. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara ni ushahidi kwamba mtumishi ametimiza sehemu yake, na kwamba suala la fedha hizo kutofika ni la kumalizwa kati ya mwajiri na Mfuko.

Barua ipeleke masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, usiiache mezani kwa mtu, hata kama mtu huyo ni ndugu. Hakikisha nakala yako inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha omba kumbukumbu namba ya jalada ilimowekwa. Ukirudi baadaye ukiuliza kwa kumbukumbu namba, karani anakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Ukiuliza kwa jina peke yake, unaanza upya kila mara.

Ukiambiwa jalada halionekani, ulizia folio. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba ya folio, na barua ya uhamisho hubaki na nakala sehemu tatu: ilikotoka, ilikopelekwa na kwenye idara. Kwenye halmashauri mama tuliyokwenda, mama mmoja wa masijala alimsikiliza baba hadi mwisho bila kumkatisha, akasema, “Shikamoo mwalimu, kaa kwanza. Jalada la mtu aliyehama halitupwi, linafungwa kamba na kuwekwa nyuma.” Akarudi na bunda lililofungwa kwa uzi wa katani, kingo za karatasi zimegeuka rangi ya chai, na katikati yake barua ya uhamisho iliyopigwa kwa taipureta, muhuri wa bluu umefifia lakini tarehe inasomeka vizuri. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyofunga pengo lote. Mtumishi wa namna ile anastahili kushukuriwa kwa maandishi kwa mkuu wake wa kazi, nasi tulifanya hivyo.

Walimu wana mlango wa ziada ambao wengi huusahau. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina ofisi katika wilaya, nayo hushughulikia ajira, kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na vibali vya kustaafu vya walimu. Kwa hiyo barua iliyopotea halmashauri huenda nakala yake iko kwenye jalada la Tume. Nenda huko mapema, kabla hujakata tamaa na masijala ya halmashauri.

Majina na tarehe ya kuzaliwa

Tofauti ya herufi moja inatosha kusimamisha malipo. Wagogo na Warangi wa kizazi cha wazazi wetu waliandikishwa shule kwa jina moja, wakabatizwa au kupewa jina la dini, wakaajiriwa kwa mengine, na kitambulisho cha taifa kikaja na mpangilio wake. Kama ni tahajia au mpangilio wa majina tu, kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo, kwa kawaida kinatosha. Kitaje kila namna ya jina kama ilivyoandikwa kwenye kila waraka, bila kuacha hata moja. Tarehe ya kuzaliwa ni jambo jingine. Inayozingatiwa katika utumishi wa umma ni ile mtumishi aliyoiandika alipoajiriwa mara ya kwanza, hivyo usipoteze fedha kutafuta nyaraka mpya za kuibadilisha.

Kama jibu halikuridhishi

Uthibitisho wa mwajiri ukishapatikana, uwasilishe kwenye Mfuko kwa barua inayoomba marejeo ya ukokotoaji na malipo ya mapunjo tangu tarehe ya kustaafu, siyo tangu tarehe ya barua. Ikiwa sehemu ya mafao haina ubishi, omba ilipwe wakati sehemu nyingine inaendelea kushughulikiwa, na uandike wazi kwamba kuipokea si kukubali kwamba hesabu imekamilika. Mzee hawezi kukaa bila dawa kwa sababu ya miezi inayobishaniwa.

Ukinyamaziwa au kukataliwa, panda ngazi kwa mpangilio na kwa maandishi: meneja wa ofisi ya Mfuko, kisha Mkurugenzi Mkuu, kisha wizara yenye dhamana ya hifadhi ya jamii. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye makao makuu Dodoma, nayo hupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma zinazochelewesha haki. Sisi wa mikoa ya kati tuna nafuu kubwa kwamba ofisi hizi ziko hapa hapa, na kwamba mzee wa Mpwapwa au Manyoni anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Itumie nafuu hiyo kufika mwenyewe, lakini usifike bila barua. Anayetaka kwenda mahakamani ajue kwamba taasisi za serikali na halmashauri hazishtakiwi kabla ya kupewa notisi ya siku 90, hivyo ni vema kumwona wakili au mtoa msaada wa kisheria mapema.

Mtu yeyote atakayepiga simu akidai anaweza kuharakisha malipo kwa kutumiwa fedha kidogo ni tapeli, hata kama anataja jina la mstaafu na namba yake ya cheki kwa usahihi. Mkatieni simu, na toeni taarifa polisi.

Mwisho, kuna familia ambazo mzazi amefariki dai likiwa halijakwisha. Dai halifi naye. Pelekeni taarifa ya kifo kwa mwajiri na kwenye Mfuko, chukueni cheti cha kifo RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), fanyeni kikao cha ukoo na kuandika muhtasari wenye saini za wote, kisha mfungue shauri la mirathi ili mahakama imteue msimamizi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na mapunjo yanayodaiwa yaandikwe humo hata kama kiasi chake hakijajulikana. Nakala za barua zote zenye mihuri ya kupokelewa akabidhiwe msimamizi siku ile ile anapoteuliwa, kwa sababu atakapofika masijala ataulizwa kumbukumbu namba.