Somo: Kulinganisha matoleo ya Leica Summicron 35mm f/2 na kupata jibu la kuaminika

Summicron ya 35mm, lenzi ya kampuni ya Leica, ilianza kutengenezwa 1958, na tangu hapo vioo vyake vya ndani vimepangwa upya mara kadhaa. Mabishano ni yale yale kila mwaka: ya kwanza ina "roho", ya nne ina bokeh (namna mandhari ya nyuma isiyo kali inavyoonekana), ya ASPH ni kali mno. Picha zinazoletwa kama ushahidi mara nyingi hazithibitishi chochote kuhusu toleo. Zinaonyesha fokasi iliyopotoka, ukungu ndani ya vioo, au marekebisho yaliyofanywa na kamera yenyewe. Ondoa hayo matatu kwanza, ndipo uanze kuzungumza habari za toleo.

Hatua ya 1: Jua ulichoshika mkononi

Kuhesabu matoleo "la 1" hadi "la 4" ni desturi ya wakusanyaji, kiwanda hakikuandika hivyo kwenye lenzi. Toleo la 1 (1958 hadi 1969) lina vioo 8 katika makundi 6, na linahusishwa zaidi na kiwanda cha Leitz cha Midland, Ontario, nchini Kanada. La 2 na la 3 yana vioo 6 katika makundi 4. La 4 lilitoka 1979, vioo 7 katika makundi 5, kazi ya Walter Mandler, na ndilo wapenzi wake wanaloliita mfalme wa bokeh. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja ASPH: bado vioo 7 katika makundi 5, ila uso mmoja si sehemu ya tufe, umechongwa kwa mkunjo maalumu. ASPH ya 2016 ilibaki na mpangilio huo huo wa vioo; kilichobadilika ni mabapa ya tundu (mlango wa kupitisha mwanga ndani ya lenzi), kutoka 8 hadi 11, na kofia ya lenzi ikawa ya chuma, ya kufunga kwa nyuzi.

Namba iliyochongwa mbele inasaidia. Chini ya kama milioni 2.3 utakuwa kwenye vioo 8. Karibu na milioni 3 toleo la 4 limeshaanza. ASPH zinaanzia kwenye milioni 3.7 hivi. Uzito nao haudanganyi: toleo la 4 jeusi ni gramu 160 hivi, ASPH nyeusi ya kwanza ni gramu 255, na ya kromu inafika 340.

Hapo kuna jambo la kuzingatia mapema. Kwa kuwa la 2 na la 3 yana vioo 6 yote mawili, ukiona tofauti kubwa kati yake, shuku hali ya lenzi kabla ya kusifu toleo.

Hatua ya 2: Kagua kwa tochi

Fungua tundu hadi f/2, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma huku ukitazama kwa mbele, ukiinamisha polepole. Tafuta vitu vinne.

Ukungu mwembamba, hasa kwenye vioo vinavyopakana na tundu. Huo mara nyingi ni mvuke wa grisi ya zamani uliotua juu ya kioo. Ukitazama mbele moja kwa moja hauuoni. Mwanga ukipita kwa mshazari unajitokeza kama maziwa. Ukungu huu ndio unaoshusha kontrasti, kisha watu wanasema "lenzi za zamani ni laini".

Fangasi huonekana kama nyuzi zinazotanda kutoka ukingoni.

Mikwaruzo midogo ya kufutwa kwenye kioo cha mbele. Utando wa kuzuia mwakisiko kwenye lenzi za miaka ya 1950 na 1960 ni mlaini, unachubuka kwa kitambaa kikavu.

Mlegeo: shika pete ya mbele, jaribu kuitikisa. Kama kichwa cha lenzi kinacheza, peleka kwa fundi kwanza. Lenzi iliyolegea haiwezi kutoa picha mbili zinazofanana.

Hatua ya 3: Renjifainda iwe sawa, kwa kila lenzi

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Kamera za Leica M hulenga kwa renjifainda, kipima umbali kilicho kwenye dirisha la kutazamia. Nyuma ya lenzi kuna kamu (ukingo wa chuma wenye mteremko) inayosukuma gurudumu dogo ndani ya kamera, na gurudumu hilo ndilo linalosogeza kiraka cha katikati unapolenga. Kamera ikiwa imekaa sawa na lenzi A, lenzi B inaweza bado kukosea kwa sababu kamu yake imechakaa au iliwahi kufunguliwa vibaya.

Pima umbali wa aina tatu: mita 0.7, mita 2, na mbali kabisa (mnara wa simu ulio kilomita kadhaa, au mwezi). Kwa mita 0.7 weka rula mezani, kamera iitazame kwa nyuzi 45, lenga kwenye alama moja kwa f/2, piga. Kwa hesabu ya zamani ya filamu, eneo lililo kali kwa f/2 na umbali huo ni kama sentimita 5 tu, mbele na nyuma pamoja. Kwenye sensa ya leo, ukikuza picha, chukua nusu yake. Kosa la sentimita 2 litaonekana wazi.

Matokeo yasome hivi: lenzi zote zikikosea upande mmoja kwa kiasi kile kile, kamera ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Ikikosea moja tu, shida ni ya lenzi hiyo. Usiguse skrubu ya gurudumu kwa sababu ya lenzi moja; utaiponya hiyo na kuziharibu nyingine zote.

Hatua ya 4: Andaa kamera

Tumia bodi moja kwa lenzi zote. Bora iwe M yenye kutazama moja kwa moja kwenye skrini, yaani kuanzia M ya Typ 240, ili kwenye jaribio la ukali usitegemee renjifainda kabisa. M8 na M9 hazina; kwa hizo piga fremu tano ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha chagua iliyo bora.

Zima utambuzi wa lenzi kwenye menyu. Hili wengi hulisahau. Lenzi za tangu 2006, na za zamani zilizoongezewa alama, zina vidoa sita vyeupe na vyeusi kwenye kitako. Kamera inavisoma, kisha inarekebisha giza la pembeni na rangi za kingo. ASPH yenye alama ikishindana na toleo la 1 lisilo na alama, moja imesaidiwa na nyingine haikusaidiwa.

Halafu: faili ghafi za DNG, ISO ya chini kabisa ya kawaida, mizani ya weupe ya kuweka kwa mkono, tripodi, kipima muda cha sekunde 2 au zaidi. Ondoa filta zote.

Hatua ya 5: Ukali

Ukuta wa matofali unafaa, lakini lazima kamera iutazame sawasawa. Njia rahisi: bandika kioo bapa cha kujitazamia ukutani, mahali pa katikati ya fremu. Sogeza kamera mpaka uone lenzi yenyewe imekaa katikati kabisa ya picha kwenye skrini. Hapo umenyooka. Simama mita 4 au 5. Karibu zaidi ya hapo unapima tabia ya karibu, ambayo ni somo lingine.

Kuza skrini, lenga katikati kwa f/2, piga. Haribu fokasi, lenga upya, piga tena. Fanya mara tatu, na kila mara fika kwenye fokasi kwa kuzungusha upande ule ule, kwa sababu nyuzi za lenzi kuukuu zina mchezo kidogo. Kisha rudia kwa f/2.8, 4, 5.6 na 8. Hiyo ni fremu 15 kwa lenzi. Kwa f/11 na f/16 mwanga wenyewe unaanza kutawanyika kwenye tundu dogo na lenzi zote zinafanana, usipoteze muda.

Piga fremu moja ya ziada kwa f/2 ukiwa umelenga kwenye pembe. Pembe ikiwa kali sasa wakati mwanzo ilikuwa na ukungu, hiyo lenzi si dhaifu pembeni. Uso wake wa fokasi umepinda, na ukuta bapa unaionea.

Kisha toka nje. Tafuta jengo la mbali lenye madirisha mengi, uliweke kwenye kila pembe ya fremu kwa zamu, kwa f/2, lenzi ikiwa kwenye alama ya mbali kabisa. Jengo lile lile likiwa kali pembe tatu na kuvurugika ya nne, vioo vimekaa upande. Lenzi hiyo iondoe kwenye ulinganisho. Itakupa habari za ajali yake tu.

Hatua ya 6: Mwanga wa kinyume na mandhari ya nyuma

Jua liwe nje kidogo ya fremu, kwenye kona. Piga bila kofia na ukiwa na kofia, kwa f/2.8 na f/8. Angalia weusi: umebaki mweusi au umegeuka kijivu?

Kwa bokeh, mtu au chupa iwe mita 1.5, majani yenye mianya ya mwanga mita 5 au zaidi nyuma yake. Kwa f/2 na f/2.8. Tazama ukingo wa kila duara la mwanga: ukiwa mkali kama pete, majani yataonekana yana wasiwasi, ukififia, yatatulia.

Hatua ya 7: Kusoma matokeo

Zima kunoa kwenye programu. Kwa ukubwa wa asilimia 100 tazama sehemu tatu: katikati, milimita 12 kutoka katikati ya fremu, na pembe kabisa, ambayo iko karibu milimita 21.6. Ile ya milimita 12 ndiyo ya maana kuliko zote. Nyuso za watu hukaa hapo, na hapo ndipo f/2 ya ASPH inapoachana wazi na za zamani. Katikati, toleo la 4 lililo zima linasimama vizuri mbele ya ASPH. Ukifika f/5.6 na f/8, itabidi uandike majina kwenye faili ili usichanganye.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nina Sony na adapta, sina Leica M. Naweza kufanya jaribio hili?*

Marahaba. Katikati ya picha, ndiyo. Pembeni, hapana. Kioo kinachofunika sensa ya Sony ni kinene, kama milimita 2, na cha Leica M hakifiki milimita 1. Lenzi pana za renjifainda hupeleka mwanga kwenye pembe kwa mshazari mkali, na kioo kinene kinaupotosha mwanga huo. Utaona pembe zimechafuka na kulilaumu toleo. Kama huna M ya dijitali, afadhali filamu ya ISO 100, lenzi zote kwenye roli moja, ukiandika kila fremu.

*Nimeonyeshwa toleo la 1 lenye "miwani" kwa bei nafuu. Naweza kuivua miwani nikatumia lenzi tu?*

Usiivue. Dirisha la kamera ya Leica M3 halina fremu ya 35mm, linaanzia 50mm, ndiyo maana lenzi hiyo ikawekewa miwani ya kupanua mtazamo. Kamu yake ilikatwa kwa kuhesabu miwani hiyo. Ukiivua, vioo vinabaki vile vile ila renjifainda itakudanganya kila umbali. Ikiwa na miwani yake inafanya kazi kwenye M nyingine pia, ikiita fremu ya 50mm. Ukinunua, hakikisha miwani haina ukungu na kiraka kinakutana wima na mlalo.

*Niko Tanga, karibu na bahari. Lenzi yangu ya vioo 8 ina fangasi kidogo ukingoni. Bado inafaa kwa ulinganisho?*

Kwa ukali wa katikati utaona tofauti ndogo au usione kabisa. Kwa jaribio la jua la hatua ya 6, usiitumie, kwa sababu nyuzi hizo hutawanya mwanga. Isafishwe mapema, maana fangasi ikikaa inakula utando na hata kioo, na alama hiyo haifutiki. Baada ya hapo itunze kwenye sanduku lisilopitisha hewa, lenye silika jeli na kipimo cha unyevu, kati ya asilimia 40 na 50. Usishuke chini ya 30, grisi itakauka. Mifuko ya ngozi ya zamani iache mbali, inashika unyevu.

*Nikifunga tundu kutoka f/2 hadi f/4 fokasi inaonekana kuhama nyuma. Ni kamera?*

Kamera haihusiki. Kwa f/2 miale ya kingo za kioo na ya katikati haikutani mahali pamoja. Ukifunga tundu, ya kingo inakatwa na sehemu iliyo kali inasogea. Irudie rula ya hatua ya 3: lenga kwa f/2, kisha usiguse pete ya fokasi, piga f/2.8, 4 na 5.6. Andika imesogea kiasi gani. Kwenye ukuta, lenga upya kwa kila tundu, la sivyo utaipa lenzi alama ya chini kwa f/4 bila haki.

*Kuna 35mm f/2 mpya ya Light Lens Lab inayofuata mpangilio wa vioo 8. Naweza kuitumia kuwakilisha toleo la 1?*

Hapana. Ina utando wa kisasa na haijabeba umri wa miongo sita. Ipime kama lenzi inayojitegemea, ipewe safu yake kwenye jedwali lako.

*Baada ya kulinganisha, niache utambuzi wa lenzi umezimwa?*

Uwashe. Kwa lenzi isiyo na vidoa, chagua jina lake kwenye menyu. Kuanzia M9 hilo linawezekana; M8 haina orodha hiyo, kwa hiyo kitako kinahitaji kuwekewa alama.