Gitaa kavu lisilochosha vidole
Ukienda kununua gitaa kavu (lisilotumia umeme) la nyuzi za chuma, beba rula yenye milimita. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa, huhesabiwa kuanzia kichwani): uzi mnene kabisa milimita 2.5 hivi, mwembamba kabisa 1.8. Ikizidi 3, vidole vitauma. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya 1: ibaki nafasi ya unene wa karatasi tu. Ikiwa kubwa, kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itakutesa, kwa kuwa mifereji ya nyuzi pale karibu na kichwa haijachongwa vya kutosha. Hilo fundi hulimaliza upesi. Ila gitaa ambalo daraja lake, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili, limeanza kubanduka, liache dukani.