Kutia njumu za pembe ya ng'ombe wa Ankole kwenye meza ya mvule

Njumu ya pembe, yaani mapambo ya vipande vya pembe vilivyopachikwa ndani ya ubao, ikibanduka, watu hulaumu gundi. Mara nyingi gundi haina kosa: pembe ilinyooshwa kwa haraka, au ubao ulikuwa haujakauka. Ndiyo maana hapa hatua ya kunyoosha pembe imekuwa ndefu kuliko zote. Kuranda na kuunga mbao sikuvieleza, maana anayefikia kutia njumu anavijua.

Mfano wetu ni meza ya sebuleni yenye uso wa sm 100 kwa 60, mvule wa unene wa mm 25, na safu ya pembetatu za pembe, nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ikizunguka ukingoni. Kila upande wa pembetatu ni mm 40.

Hatua ya 1: Ubao

Mvule ndio chaguo langu la kwanza kwa sababu hautikisiki sana hali ya hewa ikibadilika. Mugavu nao ni mzuri, wekundu wake unaipa pembe nyeupe nafasi ya kuonekana. Kalitusi usiiguse kwa kazi hii, hunywea (husinyaa ikikauka) zaidi ya mara mbili ya mvule.

Mbao nyingi za soko la Ndeeba, Kampala, huuzwa zikiwa bado na maji ndani, hata kama muuzaji anaapa kwamba zimekauka. Weka ubao kwenye mizani, andika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe, kisha rudia kila wiki. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu mfululizo, ubao umetulia.

Hata ubao uliotulia huendelea kucheza. Uso wa mvule wa sm 60, unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 10, hunywea karibu mm 3 kwa upana, ilhali kwa urefu hausogei kitu. Meza iliyotengenezwa Kampala mvua za Aprili, kisha ikapelekwa Moroto, kwenye ukame wa kaskazini-mashariki mwa Uganda, wakati wa kiangazi, itapitia hayo yote. Kwa hiyo usitie utepe mrefu wa pembe unaokatiza nyuzi za ubao: pembe haitafuata, na kitakachopasuka ni ama pembe ama ubao. Vipande vidogo vyenye nafasi ya mm 2 au 3 kati yake havina shida hiyo.

Hatua ya 2: Kunyoosha pembe

Pembe zinapatikana kwenye machinjio, Kampala ni yale ya barabara ya Port Bell. Chagua zenye ukuta wa mm 4 hadi 6. Ndani kuna kiini cha mfupa. Loweka pembe kwenye pipa la maji wiki mbili hadi tatu, kiini kitalegea na kutoka kwa kugongwa. Harufu yake ni kali, weka pipa mbali na majirani. Ncha ya pembe haina uwazi ndani, ikate uihifadhi kwa ajili ya vishikio vya droo.

Sehemu yenye uwazi ikate pete za sm 6 hadi 8, kisha pasua kila pete kwa msumeno wa chuma upate vipande viwili au vitatu vilivyopinda. Kabla ya moto wowote, piga tupa upande wa ndani hadi alama zote za msumeno na mikwaruzo ziishe. Usiruke hili. Kipande kinapobanwa kiwe bapa, upande uliokuwa umebonyea ndio unaovutwa, na mkwaruzo mdogo tu pale huwa mwanzo wa ufa. Ukimaliza, andika "ndani" kwa kalamu isiyofutika, utaihitaji alama hiyo baadaye.

Chemsha vipande kwa dakika 30, vikiwa vimefunikwa na maji kabisa. Maji peke yake hayatoshi kuvilegeza, kwa hiyo vitoe kimoja kimoja kwa koleo na ukishike juu ya sigiri yenye makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto, sm 15 hivi kutoka kwenye makaa. Geuza bila kusimama, ukiupa upande wa ndani muda mrefu zaidi. Bonyeza ukingo kwa koleo ya pili: ukikubali kupinda bila kurudi, kipande kiko tayari. Ukiona vipovu au rangi ya kahawia, kimeungua. Kitupe, kwani tabaka zake zitaachana wakati wa kupiga msasa, na hapo utakuwa umeshachimba kishimo chake.

Mabamba mawili ya chuma ya unene wa mm 10 yawe yamewekwa kando ya sigiri yapate joto. Chuma baridi huigandisha pembe ghafla kabla haijanyooka, na utasikia mlio wa kupasuka. Weka kipande katikati ya mabamba, kaza klampu kidogo, subiri sekunde 20, kaza tena, subiri, kisha malizia. Watu wenye mikono yenye nguvu hukaza mara moja, na nusu ya vipande vyao huishia kwenye takataka.

Acha hadi kesho yake. Pembe iliyotolewa ikiwa na uvuguvugu hurudi kwenye mkunjo wake wa zamani, labda si leo, lakini itarudi. Ukiitoa imepoa, bado ina maji iliyoyanywa sufuriani. Panga vipande mahali pakavu vikiwa vimetenganishwa na vijiti, juu yake weka ubao wenye tofali, wiki mbili. Kisha vipime kwa rula ya chuma: mwanga ukipenya zaidi ya nusu milimita chini ya rula, rudia kuchemsha na kubana. Kurudia mara moja kunakubalika. Mara ya pili usijaribu, pembe inakuwa imechoka na inamenyeka.

Kuna mafundi wanaotumbukiza pembe kwenye mafuta ya kupikia yaliyo moto badala ya kutumia makaa. Ni kweli joto linaenea sawasawa na kazi inakwenda upesi. Kwa bangili, sawa. Kwa njumu sikubaliani nayo kabisa, kwa sababu mafuta huingia kwenye vinyweleo vya pembe na gundi haitashika, hata ukisugua kwa thina mara ngapi.

Hatua ya 3: Kukata vipande

Randa au piga tupa hadi unene wa mm 3. Bandika kigezo cha karatasi, kata kwa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi ukiacha nusu milimita nje ya mstari, malizia kwa tupa. Kingo zilalie ndani kidogo sana kuelekea chini, ili juu kuwe kupana kuliko chini kwa unene wa karatasi. Kipande kitajikaza chenyewe kinapoingia. Upande wa "ndani" uwe chini. Pembe ikijaribu kupinda tena, kingo zake zitakandamiza ubao badala ya kunyanyuka.

Vumbi la pembe na la mvule yote mawili ni mabaya kwa mapafu. Vaa barakoa.

Hatua ya 4: Kuchimba

Shikiza kila kipande mahali pake kwa gundi ya haraka, tone moja, na uzungushie ncha ya kisu. Si penseli: mstari wa penseli una unene, na unene huo ndio mwanya utakaoonekana. Andika namba kwenye kipande na kwenye kishimo chake, kisha kiondoe kwa kugonga pembeni.

Kina ni mm 2.5, ili pembe ibaki juu kwa nusu milimita. Rauta (mashine ya kuchimbia mbao) itoe katikati tu, ikikaa mm 1 ndani ya mstari. Kilichobaki ni kazi ya patasi ya mm 12, na ya mm 6 kwenye kona za pembetatu. Mvule wakati mwingine huwa na mawe ya chokaa ndani. Ukisikia patasi inakwaruza, simama, chokoa jiwe kwa ncha ya patasi kuukuu.

Hatua ya 5: Gundi

Tumia epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika tano huganda kabla hujafika kipande cha nne. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, nayo pembe inayanywa na kuvimba. Kwaruza chini ya pembe kwa msasa wa 80, futa pembe na kishimo kwa asetoni, paka pande zote mbili. Changanya vumbi laini la mvule kwenye gundi kwa ajili ya mianya. Funika kwa kaveera (mfuko wa plastiki), weka ubao bapa, bana kwa nguvu ya wastani. Ukikaza mno, gundi yote inakimbilia nje. Saa 24.

Hatua ya 6: Kusawazisha

Kwangua kwa kipande cha ubapa wa msumeno ulionolewa ukingo. Mashine ya mkanda wa msasa hupasha pembe joto, na pembe yenye joto hunyanyuka. Pia vumbi la pembe nyeusi hujipaka kwenye nyuzi za ubao, kwa hiyo pindi unapokaribia usawa, paka mkono mmoja (tabaka moja) wa sanding sila, kizibo cha nyuzi za ubao, kabla ya kuendelea. Msasa: 120, 180, 240, 320, na 400 juu ya pembe pekee.

Hatua ya 7: Vanishi

Poliyurethani, mikono mitatu, msasa wa 320 katikati ya kila mkono. Mafuta peke yake hayaizuii pembe kunywa maji ya kikombe. Paka na upande wa chini wa meza vilevile, mikono mitatu, la sivyo unyevu utaingilia huko na uso wote utapinda. Meza ikae wiki nzima bila kuwekewa kitu.