Kabla Mwimbaji Mgeni Hajaongoza Sifa Usharikani

Usharika unapomwalika mwimbaji kutoka nje aongoze sifa na kuabudu, maandalizi mengi huishia kwenye mabango na spika za kukodi, ilhali kinachoamua kama waumini wataimba au watamtazama tu ni orodha ya nyimbo. Orodha hiyo ipatikane walau wiki mbili kabla, na mchungaji aipitie akiwa na masomo ya siku mkononi, kwa maana pambio lililotikisa tamasha huenda lisikae vizuri katika Jumapili ya Kwaresima. Wimbo mpya usizidi mmoja. Zinazobaki ziwe zile ambazo bibi wa benchi la nyuma huziimba bila kitabu. Mgeni aliyekulia kwenye kitabu cha nyimbo cha Tenzi za Rohoni asitaje namba za nyimbo kwa mazoea mbele ya Walutheri wenye kitabu chao cha Mwimbieni Bwana, kwani namba hazifanani, na hata pale tuni inapokuwa ileile, maneno yanaweza kutofautiana, ikawa nusu ya kanisa inaimba hivi na nusu vile.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbwa. Mwimbaji hurekodi mahali sauti yake inapong'aa, lakini wimbo ukipanda kupita noti ya D ya juu, akina baba wengi hunyamaza na akina mama huanza kukaza shingo. Basi akubali kuushusha wimbo kwa nusu sauti (hatua ndogo kati ya noti na noti) mbili au tatu, na mpiga kinanda wa usharika aelezwe ufunguo huo mapema, si wakati mgeni ameshashika kipaza sauti. Mazoezi ya pamoja yafanyike Jumamosi, tena fundi mitambo awepo, maana ndiye atakayelaumiwa spika zikipiga mluzi. Katika mazoezi hayo wachague pia wimbo mmoja unaoweza kuendelea kwa ngoma na makofi endapo umeme utakatika kabla jenereta halijawashwa.

Kwaya iliyopoteza zamu yake kwa ajili ya mgeni iarifiwe na mwenyekiti wake kwa heshima, isije ikasoma habari hiyo kwenye bango.

Nauli, malazi na sadaka ya shukrani vizungumzwe kabla ya safari na kuandikwa, hata kama mgeni ni ndugu katika imani. Binafsi naona kimya cha adabu kuhusu fedha ndicho huzaa manung'uniko baadaye. Hapohapo aulizwe kama anakusudia kuuza kazi zake, na akubaliwe au akataliwe wazi na baraza la wazee.

Mwisho ni muda. Akipewa dakika 20, aelewe kwamba ushuhuda kati ya wimbo na wimbo umo ndani ya hizo 20, na ajue ni mzee yupi wa kanisa atakayemwashiria, kwa sababu waumini wa ibada ya pili huwa wameshaanza kusogea mlangoni.